Kabla ya Kumpeleka Mtoto Shule ya Muziki, Uliza Saa ya Mazoezi Inatoka Wapi

Juma lililopita niliandikiwa na mama mmoja ambaye binti yake wa miaka 12 amepata nafasi katika shule inayofundisha muziki kwa kina pamoja na masomo mengine yote ya sekondari. "Mwalimu, shikamoo," aliandika. "Binti yangu anapiga fidla na amefaulu usaili. Baba yake anasema ataachwa nyuma kwenye hesabu na sayansi. Mimi nahofia kwamba tukimzuia atatulaumu ukubwani. Tufanyeje? Na je, aache piano ili apate muda wa fidla?"

Marahaba, dada yangu. Swali lako nimeulizwa na wazazi wengi, na kila mara naona kwamba wanaouliza tayari wanajua wanachokitaka. Wanataka mtoto apige fidla kama wapigaji wakubwa na pia afaulu mitihani yake kama watoto wengine. Tamaa hiyo si mbaya, nami ni mtu wa kwanza kuitetea, kwa sababu ndiyo iliyonilea. Nilisoma katika mkondo wa muziki wa shule ya sekondari, nikaondolewa katika mkondo huo nikiwa na miaka 16, nikabaki katika shule ileile hadi nikamaliza. Leo nafundisha fizikia asubuhi na viola, ndugu ya fidla aliye mkubwa kidogo na mwenye sauti ya chini zaidi, mchana, kwa hiyo nasikia malalamiko ya walimu wa pande zote mbili, na kila upande unaamini kwamba upande mwingine unamwibia mtoto.

Hofu ya baba wa binti ni kwamba muziki na masomo ya kawaida havikai pamoja. Kihistoria vilianza pamoja. Konsevatori (vyuo vya muziki) za kwanza kule Napoli, Italia, katika karne ya 16, zilikuwa nyumba za kulelea yatima, na muziki uliingia kama sehemu ya malezi ya mtoto ambaye alipaswa kupata pia riziki na adabu. Mtunzi Vivaldi alipoajiriwa kufundisha fidla mwaka 1703, aliajiriwa katika Ospedale della Pietà ya Venezia, nyumba ya kulelea watoto walioachwa, ambako wasichana walipata mafunzo yaliyoifanya okestra yao ijulikane Ulaya nzima. Katika karne ya 20 wazo hilo lilirudi kwa sura mpya: Moscow ilikuwa na shule yake ya watoto iliyofungamana na konsevatori tangu miaka ya 1930, mtunzi wa Hungaria, Kodály, aliona shule ya msingi ya muziki ikifunguliwa mwaka 1950 katika mji aliozaliwa, Kecskemét, ambako watoto waliimba kila siku kama wanavyofanya hesabu, na mwaka 1963 mpiga fidla Yehudi Menuhin alifungua shule yake Uingereza, ambayo baadaye iliwatoa wapiga fidla mashuhuri Nigel Kennedy na Nicola Benedetti. Hizi zote ni shule zenye madarasa, kengele na madaftari. Hakuna iliyosema kwamba mtoto asisome.

Kinachotofautisha shule moja na nyingine ni namna saa zinavyogawanywa, na hapo ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu hapo ndipo nilipoumia.

Nilijiunga na mkondo wa muziki nikiwa mpiga fidla, na nilikuwa najivuna. Nilipofika miaka 13 nikahamishiwa viola kwa sababu okestra ya shule ilikuwa na wapiga fidla wa kuzidi na mpiga viola mmoja tu. Hakuna aliyeniuliza. Asiyepiga vyombo hivi ataona kwamba vinafanana, kumbe viola ina ufunguo wake, yaani alama ya mwanzo wa mistari inayosema kila nota inakaa wapi: nota iliyo kwenye mstari wa kati, ambayo macho yangu yalikuwa yameizoea kuwa si, sasa ilikuwa do, tena do ya chini kuliko si ile. Kwa majuma kadhaa macho yalisoma lugha ya zamani, vidole vikaitii, na sikio likakataa. Nilisimama mbele ya kinara cha nota huku wenzangu wakicheka, kisha siku moja, bila kutangaziwa, macho yakahama, na tangu hapo sijawahi kutamani kurudi. Viola ina sauti ya mtu anayezungumza taratibu chumbani, na ndani ya okestra ndiyo inayojua siri za pande zote mbili, juu na chini.

Tatizo halikuwa viola. Tatizo lilikuwa kwamba chombo nilichokabidhiwa kilikuwa na mwili wa sentimita 42, kipimo cha mtu mzima mwenye mikono mirefu. Fidla za watoto zina saizi zinazojulikana, robo, nusu na robo tatu, lakini viola haina kipimo kimoja hata kwa watu wazima, na kijana wa miaka 13 anaweza kupewa iliyopo stoo tu kwa sababu ndiyo iliyopo. Bega langu la kushoto lilipanda hadi sikioni, kiwiko cha kulia kikalazimika kunyooka kupita kiasi ili upinde ufike mwisho, na sauti ikawa inakatika kila nilipokaribia ncha ya upinde. Nilipolalamika kuhusu maumivu niliambiwa kwamba ni dalili ya bidii. Si kweli. Mtunzi Robert Schumann aliharibikiwa na kidole cha mkono wa kulia akiwa kijana, ndoto yake ya kuwa mpiga piano ikaishia hapo, na hakuna anayeweza kumwita mvivu. Mtoto akisema anaumia, mazoezi yasimame siku hiyo na chombo kipimwe.

Sasa njoo kwenye saa. Shule yetu ilikuwa imeongeza muziki juu ya ratiba ya kawaida bila kuondoa chochote, kama mtu anayepandisha mzigo mwingine juu ya lori lililokwisha kujaa. Wanafunzi wa mkondo wa kawaida walipokuwa wanapumzika baada ya chakula cha jioni, sisi tulikuwa kwenye vyumba vya mazoezi. Walipoingia kujisomea usiku, sisi tuliingia nao tukiwa tumechoka. Somo langu binafsi la viola lilipangwa katikati ya kipindi cha fizikia, mwalimu wa fizikia akaniandika mtoro, na nilipokosa somo la viola kwa sababu ya jaribio la fizikia mwalimu wa viola akaniambia kwamba sina moyo. Walimu hao wawili walikaa ofisi zilizotenganishwa na ukuta mmoja. Sikuwahi kuwaona wakizungumza.

Watu wanaodhani kwamba mpiga ala bora ni yule anayejitesa usiku wangefaa kujua utafiti wa mwaka 1993 wa mwanasaikolojia Anders Ericsson na wenzake, waliowachunguza wapiga fidla wa chuo cha muziki cha Berlin. Wengi wanakumbuka kutoka kwake namba moja tu, kwamba walio bora walikuwa wamefikisha wastani wa saa 10,000 hivi za mazoezi kufikia umri wa miaka 20. Linalosahaulika ni kwamba wapigaji wale walifanya mazoezi yao mazito zaidi kabla ya mchana, wakagawa siku kwa vipindi, na wakalala zaidi kuliko wenzao wa kiwango cha chini, usingizi wa mchana ukiwemo. Mazoezi ya makini yanachosha akili kama hesabu zinavyochosha. Saa inayotolewa kwa mtoto aliyekwisha kuchoka ni saa ya kupitisha upinde juu ya nyuzi tu.

Kila mwaka jopo la walimu lilitupima. Nilipokuwa na miaka 16 nilipiga mbele ya watu watatu, mmoja wao akiwa anajaza fomu kabla sijamaliza ukurasa wa kwanza. Niliambiwa nina sikio zuri lakini mkono wangu wa kulia hautanifikisha mbali. Jumatatu iliyofuata jina langu halikuwa kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni pa vyumba vya mazoezi. Hakukuwa na kikao, hakukuwa na barua kwa mzazi, na hakuna aliyenieleza kwamba mkono wa kulia unaweza kutibiwa kwa kupunguza ukubwa wa chombo, jambo ambalo mwalimu mwingine, nje ya shule ile, alilifanya baadaye kwa kunipa viola ya sentimita 39. Tulimaliza suala la ncha ya upinde katika muhula mmoja. Bado nikisikia neno "jopo" shingo inakakamaa, na sioni sababu ya kujifanya nimesahau.

Miaka miwili iliyobaki niliimaliza kwa sababu shule ile, pamoja na mapungufu yake yote, ilikuwa bado ni shule. Nilikuwa na kemia, nilikuwa na lugha, na nilikuwa na yuleyule mwalimu wa fizikia aliyeniandika mtoro. Alipofundisha mada ya mawimbi alieleza kwamba sauti ya hezi 440 (mitetemo 440 kwa sekunde) ikipigwa pamoja na ya hezi 442 husikika mapigo mawili kila sekunde. Darasa zima likaandika. Mimi nilikuwa nimeyasikia mapigo yale kila asubuhi nilipolinganisha uzi wangu wa la na wa jirani yangu, yakipungua kasi kadiri sauti zinavyokaribiana hadi yanatoweka. Niliinua mkono nikaeleza, naye akaniita mbele niionyeshe kwa viola. Tangu siku hiyo fizikia ikawa yangu, na ndiyo iliyonipeleka chuo kikuu, huku viola ikienda pamoja nami.

Kwa hiyo, dada yangu, na wazazi wote wanaonisoma: acheni kuuliza shule ina vyombo vingapi na ukumbi wake unakaa watu wangapi. Ulizeni saa ya mazoezi inatoka wapi. Ombeni ratiba ya Jumatatu hadi Ijumaa ya mwanafunzi wa umri wa mtoto wenu, muisome mstari kwa mstari. Kama mazoezi yako ndani ya siku ya masomo, hasa asubuhi, na kuna mtu anayewasimamia wadogo ili wasirudie makosa yaleyale kwa saa nzima, shule hiyo imefikiri. Kama yamebandikwa mwishoni mwa siku, shule imeongeza neno "muziki" kwenye kibao cha getini, basi. Shule iliyokusudia kweli hupunguza kitu: idadi ya masomo ya hiari, au wingi wa kazi za nyumbani, au huwapa wanafunzi wa muziki madarasa madogo ili kipindi kimoja kifanye kazi ya viwili.

Ulizeni pia nini humpata mtoto anayeondolewa katika mafunzo ya ubobezi. Nasisitiza swali hili kwa sababu wazazi huona aibu kuliuliza siku ambayo mtoto ndiyo kwanza amefaulu. Anabaki na nafasi yake darasani? Anaruhusiwa kuendelea na chombo? Nani anamwambia, na kwa maneno gani? Shule ambayo haina jibu la swali hilo itamjibu mtoto wako kwa karatasi mlangoni.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni ya wenye fedha. Si lazima yawe hivyo. Uingereza, kwa mfano, tangu mwaka 1981 serikali ina mpango wa kuchangia ada za vijana wenye kipaji katika shule maalumu za muziki na dansi, mchango ukipimwa kwa kipato cha familia. Na shule ya bweni si njia pekee. Konsevatori kadhaa kubwa, Juilliard ya New York ikiwa mojawapo, hufundisha vijana siku za Jumamosi huku wakiendelea na shule zao za kawaida juma zima. Venezuela, mtandao ulioanzishwa na José Antonio Abreu mwaka 1975 uliwapokea watoto baada ya saa za shule na kuwaweka ndani ya okestra tangu mwanzo. Mtoto wa miaka 12 ambaye bado hajaamua anaweza kufaidika zaidi na Jumamosi moja nzito kuliko bweni. Nawashangaa wazazi wanaodhani kwamba bila bweni hakuna ubobezi. Mara nyingi wanachokitafuta ni fahari ya kutaja jina la shule.

Narudia, kwa sababu najua mtaisahau mkishaona piano kubwa nyeusi kwenye ukumbi wa mapokezi: ratiba. Isomeni. Kisha mwombeni mkuu wa muziki awakutanishe na mwalimu wa hesabu, mwaangalie kama wanajuana kwa majina.

Baba wa binti nina neno naye pia. Kaka, hofu yako ya hesabu ina msingi ikiwa shule ni kama ile yangu, na haina msingi ikiwa shule imepanga saa zake. Usimzuie kwa hofu ya jumla. Nenda na kalamu, uliza vipindi vya hesabu ni vingapi kwa juma, na vinapogongana na mazoezi ya okestra kipi hupisha kipi.

Kuhusu piano, asiiache. Shule nyingi za aina hii humtaka mpiga fidla awe na piano kama chombo cha pili, na kuna sababu. Fidla humfundisha kufuata mstari mmoja wa sauti. Piano humwonyesha nota zinavyojengana, jambo atakalolihitaji katika nadharia, katika mtihani wa usikivu na siku atakapopiga na wenzake wanne bila kiongozi mbele yao. Nusu saa kwa siku inamtosha kwa sasa, na iwe ile nusu saa ya jioni ambayo akili imechoka kwa fidla, kwa kuwa kusoma wimbo mwepesi wa piano kwa mara ya kwanza kunavumilia uchovu kuliko kurekebisha ulinganifu wa sauti.