Kamera inamwona, lakini nani anamjua?

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita mlituuliza wasomaji: "Kamera, taa za barabarani na mageti ya chuma vimekufanya ujihisi salama zaidi mtaani kwako?" Nililisoma swali hilo ndani ya daladala ya Fuoni, mkoba nimeukumbatia kifuani kama wanawake wote mle ndani, na jibu likanijia hapo hapo: hapana. Nikasema nitaandika mistari miwili tu. Mtanisamehe.

Mie ni mtoto wa Jang'ombe, mjini Unguja. Hivi sasa tunakaa Fuoni, nyumba tuliyojenga wenyewe: ukuta wa matofali, juu yake chupa zilizovunjwa, geti la chuma, magrili kila dirisha mpaka la chooni. Mume wangu akisharudi Isha hufunga kufuli, hufunga komeo, halafu hurudi tena kuhakikisha. Na pamoja na yote hayo, embe ikidondoka juu ya bati mie macho mpaka alfajiri. Kwetu Jang'ombe mlango ulikuwa na komeo moja la mbao, tena limelegea, ungeweza kulisukuma kwa ncha ya kisu ukiwa nje. Tulilala fofofo.

Sisemi zamani hakukuwa na wezi. Walikuwepo, tena mahodari. Alikuwepo yule wa upembo, mti wenye ndoano: unaacha dirisha wazi kwa joto, asubuhi suruali ya baba imo mtaroni, mifuko imegeuzwa nje. Walikuwepo wanaojua kwamba Ramadhani, saa za Tarawehe, nyumba nzima imebaki na bibi mmoja mzito wa masikio. Viatu vya msikitini hata sivitaji, mpaka leo mwenye makubadhi mapya husali karibu na mlango. Na siku za sikukuu, viwanja vya Mnazi Mmoja, mama alikuwa akitufungia pesa kwenye kitambaa na kukibana kwa pini ndani ya gauni, na bado kuna aliyerudi analia.

Lakini mgeni hakuweza kukatiza kichochoro chetu bila kusalimiwa. Barza ya kwanza wazee wanaocheza dhumna, ya pili bibi wa maandazi, ya tatu mafundi cherehani. "Karibu mwanangu, wamtaka nani?" Mwenye heri alijibu akaonyeshwa njia, pengine akapewa na chai. Asiye na heri alijua ameshaonwa sura, shati na mwendo. Na ukitoka, unaaga: "Jirani, nakwenda hospitali, nyumba hiyo." Basi. Aliyeambiwa "nyumba hiyo" hakuondoka barazani mpaka urudi. Fuoni nina jirani wa upande wa kulia ambaye jina lake nimelijua kwa fundi wa maji.

Hapa ndipo nilipotaka kuishia. Ila nilipoandika habari za barza nikamkumbuka kijana wa mkokoteni.

Mnaukumbuka ule mgao? Wala haukuwa mgao, kilikuwa kiza kitupu, Desemba 2009 mpaka Machi 2010, ulipoharibika waya wa umeme unaotoka bara kwa chini ya bahari na kuibukia Fumba. Mwaka 2008 tulishakaa karibu mwezi mzima bila umeme tukadhani tumemaliza. Safari hii maji nayo yakawa ya taabu kwa kuwa pampu hazina umeme, na kila aliyejiweza akanunua jenereta. Mtaa unanguruma mpaka saa nne za usiku, moshi unaingia vyumbani, na wezi wakafurahi, maana jenereta likinguruma mtu anaweza kukata bati la paa lako usimsikie. Hata majenereta yenyewe yakawa yanaibwa. Kwetu liliondoka la muuza juisi, watu wakiwa Isha. Alikuwa amelifunga kwa mnyororo kwenye nguzo ya kibanda. Mnyororo hawakuugusa, waling'oa nguzo.

Vijana wakajipangia zamu, kaka yangu akiwa mmoja wao. Taa ya chemni, dhumna, birika la chai ya tangawizi, na ukutani wameegemeza michi na vipande vya bomba. Mwanzo ilikuwa raha. Sisi wanawake tulikwenda kisimani saa tisa za usiku bila wasiwasi, tunasikia tu vishindo vya dhumna mezani.

Usiku huo nilikuwa mlangoni na ndoo yangu, adhana bado. Nikasikia gurudumu linalia kutoka upande wa juu, kule kwenye mteremko. Kijana anashusha mkokoteni, peke yake, mzigo umefunikwa gunia. Wakamsimamisha. Mmoja akamuuliza, "Unatoka wapi na hichi?" Kijana akasema, "Kwa... kwa... kwa..." na hapo akakwama. Alikuwa na kigugumizi. Tulikuja kujua baadaye kwamba kila akishtuka kinamzidi, lakini wakati ule kilichosikika ni mtu asiyejua anatoka wapi. Alipopata neno, lafudhi ni ya bara. Mtu akacheka: "Hata tajiri wake hamjui!" Gunia likavutwa. Jenereta.

Ikapigwa kelele moja tu, "Mwizi!", na milango ikafunguka yote. Watu ambao ukiwaomba chumvi hawapo, usiku ule walikuwepo. Hakuulizwa tena swali. La kwanza lilikuwa bomba, la bega. La pili sikuliona, niliona damu ikishuka sikioni kwa mwanga wa ile chemni. Na hakukimbia. Aliushikilia mkokoteni kwa mikono miwili, kwa sababu pale ni mteremko na angeuachia ungekwenda nao mpaka mtaroni. Anapigwa na ameshika. Mwizi gani huyo anayelinda mzigo badala ya roho yake? Suali hilo tulijiuliza kulipokucha.

Aliyemuokoa ni bibi wa maandazi. Alikuwa ameshaamka kukanda unga, akatoka na koroboi mkono mmoja, mwengine umejaa unga mpaka kiwiko. Bibi hakumtazama kijana kabisa. Aliinama kutazama jenereta. Tangi lake halikuwa na kifuniko cha kiwandani. Lilikuwa limefunikwa na kifuniko cha kopo la maziwa, chini yake kipande cha ndara kilichokatwa duara, juu limefungwa waya. Akasema, wala hakupaza sauti: "Hili la fundi wa kuchomea, nyumba ya mkungu. Kila siku lanitilia moshi kwenye maandazi yangu, nisilijue?" Halafu akasimama mbele ya kijana na koroboi yake. "Haya, nipigeni na mie."

Hakuna aliyesogea. Likapita kimya refu, kisha adhana. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja kama walikuwa njiani kwenda kusali toka mwanzo. Fundi akaja mbio, kikoi hajakifunga vizuri. Jenereta lilikuwa bovu, alimtuma hamali alfajiri na mapema alifikishe Mwanakwerekwe kwa fundi wa majenereta kabla watu hawajajaa. Kijana alishonwa kichwa, fundi akalipa. Aliyepiga ile kelele ya kwanza hatukumjua mpaka leo, kila mmoja anasema aliisikia ikitokea upande wa mwenzake. Na la muuza juisi halikupatikana.

Naona nimerefusha. Lakini habari hiyo ndiyo iliyonitia mushkeli, kwa sababu nilianza barua hii nikiisifu barza, na barza ile ile ndiyo iliyotaka kuua mtu asiye na kosa. Kweli jicho la jirani ndilo lililomuokoa pia. Bibi yule alilijua jenereta kwa kifuniko, kamera isingelijua. Ila tuseme asingeamka? Tuseme siku ile ana homa? Usalama wa kutegemea bibi mmoja awe mzima wa afya kabla ya alfajiri una walakin mkubwa. Laiti wangempeleka kijana kituo cha polisi cha Madema akaulizwe huko kwa utulivu, kigugumizi chake kingepungua na maneno yangetoka. Na laiti ungekuwepo umeme, kila mtu angeona kwamba mikono ya kijana imeshika mkokoteni.

Kwa hiyo taa ndiyo, bila masharti. Nimeshabadilika hapo.

Kamera ni habari nyengine, na hii ni ya Fuoni. Jirani wa mbele ameweka yake, inatazama geti lake, geti langu na kamba yangu ya nguo. Majuzi akaibiwa mtungi wa gesi mchana wa Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini. Picha ipo, safi kabisa: mgongo, kofia, mtungi begani. Akairusha kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Saa ya kwanza hakuna aliyemtambua, na angetambuliwa na nani, wakati hatujuani? Kufika Magharibi jina limeshapatikana. Mtu kaandika "mbona kama yule wa ndizi", mwengine "ndiye", wa tatu kaweka na picha yake akiwa na baiskeli. Muuza ndizi siku hiyo alikuwa Donge mazikoni, na watu waliokaa naye wapo. Sheha, mkuu wa shehia yetu, akatuita, akasema ifutwe. Ikafutwa. Yule kijana hapiti tena kwetu, ndizi nanunua sokoni.

Tofauti yake na ile kelele ya Jang'ombe ni nini? Hapa hakuna damu, na aliyeandika "ndiye" tunayo namba yake. Hilo la pili si dogo, nikilifikiria. Gizani tulikosa kumpata wa kumuuliza. Kwenye kundi sheha alijua amwite nani.

Basi jibu langu, ambalo si lile la kwenye daladala. Mageti na magrili, hapana, yanamtuliza mume wangu, mie hayanitulizi. Taa, ndiyo. Kamera, ndiyo kwa shingo upande, ziwekwe sokoni, kwenye vituo vya daladala na kona za barabara kuu. Vichochoroni mie naona haya, wanawake hukaa barazani jioni mtandio mabegani, na sijui nani anatazama. Lolote litakaloonekana lipelekwe kituoni, lisipitie kundini kwanza. Namba 112 ya polisi haina gharama, mtoto wangu wa skuli ya msingi anaijua kichwani. Na sheha aandikiwe kila mpangaji mpya, hiyo ni kazi yake, lakini wenye nyumba wengi tunapokea kodi kwanza na habari za sheha tunazikumbuka siku tukitaka barua yake. Jirani wa kulia nimeshampelekea sahani ya futari, amerudisha na embe.

Mchango wa kamera ya mtaa unaanza kukusanywa mwezi ujao. Nitatoa. Ila kabla sijatoa nitauliza mbele ya sheha na watu wote: simu itakayokuwa na hizo picha atakaa nayo nani?

Msomaji wenu,
Fuoni, Unguja