Mgao wa moshi

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mwanangu anasoma Ufini. Ananiambia huko kuna mji watu walipimiwa moshi kwa simu, na anayetembea kwa miguu akapata zawadi. Ananitania? – Mama wa watatu, Tabata

JIBU: Marahaba mwanangu. Hakutanii. Mji wenyewe ni Lahti, programu iliitwa CitiCAP, na watu waliitumia mwaka 2020, kwa hiari. Simu mfukoni ilitambua kama uko kwenye basi, baiskeli au gari. Kila mmoja alikuwa na mgao wake wa wiki wa hewa ya ukaa; akibakiza, anapata yuro za kwenye simu, anazibadilisha kwa tiketi ya basi, hata kipande cha keki. Mwenye watoto wadogo au anayeishi mbali na huduma aliongezewa, na hapo ndipo walipocheza vizuri.

Bahati mbaya korona ikawafungia watu ndani, basi nani ajue ni keki iliyowafanya waache gari nyumbani, au ni ugonjwa? Uingereza nao walilipima wazo hili, wakaliweka kando 2008 wakisema wakati wake haujafika.

Mimi mgao wangu ungeisha Jumanne. Mkate naufuata kwa gari, na duka naliona dirishani.