Mtoto wa miaka mitatu anayejibu kwa kidole: yaliyotusaidia sisi

Dada, umesema mwanao wa miaka mitatu anazijua nyimbo zote za katuni za kwenye simu, ila ukimwuliza kitu ananyoosha kidole tu. Kwanza kabisa mpeleke akapimwe masikio. Sikutishi, lakini mtoto wa dada yangu tulimwita mkaidi mwaka mzima, kumbe hasikii vizuri. Kama masikio yako sawa, endelea kusoma.

Wa kwangu alikuwa hivyohivyo. Simu inaongea, yeye anatazama, hakuna anayemsubiri ajibu. Kilichotuokoa ni umeme kukatika, huku kwetu Mbagala, siku ambayo hata simu zilikuwa zimeisha chaji. Nikasema tu kwa uchovu, "Leo giza…" nikanyamaza. Kikatoka kisauti: "Totoyo!" R ilikuwa bado haijafika, lakini amejibu!

Toka siku hiyo ukawa mchezo wetu. Mimi naanza, yeye anamalizia mkia. Shati jeupe… pepepe! Sufuria nyeusi… tititi! Ndoo imejaa… pomoni! Mdogo wake amelala… fofofo! Akitupa kijiwe kwenye beseni tunangoja wote, halafu: chubwi! Vineno hivi ni vitamu mdomoni, vingi vinajirudia, na hata mtoto mwenye ulimi mzito havimshindi. Kazi ngumu ni ya mzazi: kunyamaza. Mimi nilikuwa nahesabu kimoyomoyo hadi kumi, maana mtoto akikawia kidogo tu sisi tunamjibia, naye anazoea.

Akichangamka, mtoe nje acheze "nyama nyama" na wenzake. Ya mbuzi, wanaruka: nyama! Ya paka, atakayeruka katoka. Ila usiishie kumfanya aruke, mpe zamu ya kuita. Wangu zamu yake ya kwanza aliita "nyama ya sabuni", watoto wakacheka hadi wakakaa chini, na tangu hapo hakuna wa kumpokonya uongozi.

Kuhusu ngeli, akisema "kiti imevunjika" usimkaripie "sema vizuri!" Atarudi kwenye kidole. Sisi tuna mwanasesere wa vitambaa anaitwa Chausiku, na mkosaji siku zote ni yeye. Chausiku anauliza, "Viatu yangu iko wapi?" Binti yangu anamshika shingo: "Viatu VYANGU VIKO wapi, Chausiku!" Ukali wote wa mwalimu mkuu. (Mke wangu anasema ukali huo kautoa kwangu. Tuyaache.)

Vitendawili tuliviacha mpaka alipokaribia miaka minne, na hata hapo nilianza kwa kumshikisha yai mkononi ndipo nikatega: nyumba yangu haina mlango. Baada ya wiki moja akaanza kutega vya kwake. "Kitendawili!" Tega. "Anakoroma." Simba? "Hapana." Nguruwe? "Hapana. Nipe mji." Nikampa Mwanza, akaenda, akarudi, akatoa jibu: "Baba!"

Juzi nimemtega mimi, akashindwa. Nikamwomba mji, nikataka Tanga. Akakataa katakata, eti Tanga ni ya bibi, nikiichukua bibi atalala wapi. Maelezo marefu kweli, dada, sentensi kama sita mfululizo bila kidole hata kimoja. Mwisho nikapewa Kigoma, maana huko hatuna ndugu.