Kahawa ya uyoga: anza na mizani

Umeuliza kwa nini saa nne asubuhi mikono inatetemeka na saa nane mchana unasinzia, ilhali pakiti ya kahawa ya uyoga imeandikwa "utulivu na umakini". Mkuu, uyoga hauna kosa hapo. Unasema unachota vijiko viwili vya chakula vya kahawa ya kusaga, vimejaa pomoni, halafu unakorogea pakiti ya uyoga. Pakiti nyingi za aina hiyo tayari zina kahawa ndani. Unaongeza kahawa juu ya kahawa.

Piga hesabu. Kahawa ya Nyeri au Kirinyaga karibu yote ni ya aina ya arabika, na arabika ina kafeini kama asilimia 1.2. Vijiko vyako viwili hufika gramu 16 au zaidi, yaani karibu miligramu 190, bado pakiti, na tumbo ni tupu. Lazima utetemeke. Robusta, aina nyingine ya kahawa, ina karibu mara mbili ya hiyo. Nunua mizani ndogo ya jikoni, maana kijiko hudanganya.

Pima gramu 8 kwa maji mililita 130. Utapata kama miligramu 90. Nairobi iko juu, maji huchemka yakiwa nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwa hiyo ule ushauri wa kuyaacha yapoe kwanza hautuhusu. Zima moto, mimina, koroga mara moja, funika dakika nne, chuja. Ukiitokosa kwenye sufuria uchungu hutoka, kisha unaufukuza kwa vijiko vitatu vya sukari. Mwenye kolesteroli ya juu atumie chujio la karatasi. Hunasa mafuta ya kahawa yanayoipandisha.

Kikombe cha kwanza kiwe baada ya kiamshakinywa, cha pili kisipite saa saba mchana. Kafeini hupungua nusu kila baada ya saa tano hivi: 90 za saa saba ni 45 saa kumi na mbili jioni, na bado 22 saa tano usiku. Kwa anayemeza vidonge vya kupanga uzazi hukawia zaidi. Tena kafeini haiondoi uchovu, inaziba tu njia ya adenosini, kemikali ya usingizi, ambayo huendelea kurundikana. Kafeini ikipungua nguvu, deni lote linadaiwa saa nane, ugali ukiwa tumboni.

Kinacholainisha makali ya kafeini kwa ushahidi wa maana ni theanini, iliyomo kwenye majani ya chai. Kipimo cha kawaida ni miligramu 100 hadi 200, na kikombe kimoja cha chai hakifiki hapo.

Uyoga wenyewe, ushahidi ni mwembamba. Ukiutaka, nunua unga mtupu usiochanganywa na kahawa, na uhakikishe si nyuzinyuzi za uyoga zilizooteshwa kwenye nafaka na kusagwa nayo. Dondoshea iodini, kama lile jaribio la wanga shuleni: ukigeuka bluu-nyeusi, umeuziwa nafaka. Uyoga wa chaga una oksalati nyingi, mwenye mawe ya figo auache. Uyoga wa reishi haupatani na dawa za kuzuia damu kuganda.

Mjamzito asizidishe miligramu 200 za kafeini kwa siku, chai ikihesabiwa humo. Na vidonge vya madini ya chuma au vya tezi ya shingo vitenge na kahawa kwa angalau saa nzima.