Mtoto karudishwa nyumbani na kituo, nani yuko sahihi?

Habari dada nesi. Mwanangu ana mwaka na miezi minne, nimemuanzisha kituo cha watoto huku Tabata na tangu aanze ni mafua juu ya mafua, wiki haiishi sijapigiwa simu njoo umchukue, mara makamasi mara anachemka, na ada nimeshalipa ya mwezi mzima halafu bosi ameanza kuninunia. Juzi nafika nakuta mtoto wa mwenzangu kalala kwenye mkeka anachemka kabisa, mzazi wake wala hajapigiwa. Kuna mama kanishauri niwe nampa panado asubuhi kabla ya kumpeleka. Nifanyeje?
Mama wa Tabata, Dar es Salaam

Pole sana mama. Naanza na hiyo panado maana ndo imenishtua. Usifanye hivyo kabisa. Panado inashusha homa kwa masaa manne mpaka sita basi, kinachosababisha homa kiko pale pale, kwa hiyo ukimpa saa kumi na mbili asubuhi ikifika saa nne au saa tano anachemka upya, wewe uko kazini, anti wa kituo hajui kama mtoto kashakunywa dawa na yeye anamuongezea nyingine kabla ya muda, na panado ikizidi inaumiza ini. Halafu homa ya mtoto huku kwetu inaweza kuwa malaria, ukiificha asubuhi umeshapoteza siku nzima ya kumpima. Joto likifika nyuzi 38 kwenda juu abaki nyumbani na apelekwe akapimwe, ikiwa malaria anaanza dawa ya mseto siku 3 na anamaliza zote hata kama kashachangamka. Malaria haiambukizi watoto kwa kucheza pamoja, anabaki nyumbani kwa sababu anaumwa na anahitaji mtu wa kumbeba na kumnywesha, kitu ambacho anti mwenye watoto kumi na kitu hawezi.

Kwenye makamasi sasa, hapo kituo wanakuonea. Mtoto mdogo kupata mafua mara 6 mpaka 8 kwa mwaka ni kawaida, na akianza kukaa na wenzake yanaongezeka. Kama anakula, anacheza, hana homa na hahangaiki kupumua, basi makamasi hata yawe ya kijani si sababu ya kumrudisha. Kinachopunguza mafua ni kunawa mikono kwa sabuni na kila mtoto kuwa na leso yake. Vituo vingine utamkuta anti ana kitambaa kimoja begani, kamfuta huyu pua kamgeukia yule, anakitupia tena begani, kwa mtindo huo hata warudishe nusu ya watoto mafua yatazunguka tu.

Ila naona kinachokuuma zaidi ni sheria kuwa kwako na isiwe kwa mwenzio, na hapo una haki. Wambie waandike karatasi, kila mzazi asaini siku anamuandikisha mtoto, na isomeke wazi: mwenye homa anarudi akishakaa masaa 24 bila homa na bila dawa ya kuishusha, anayeharisha au kutapika anarudi zikishapita siku 2 tangu mara ya mwisho, tetekuwanga mpaka malengelenge yote yakauke yafanye vigaga, surua siku 4 tangu vipele vitokee, na macho mekundu kama yale yaliyozagaa Dar mwanzoni mwa 2024 mpaka yaache kutoa tongotongo. Iandikwe pia nani anapigiwa simu, na namba ya baba iwepo, sio mama tu kila siku. Na huyo wa kwenye mkeka: mtoto akilegea, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu au akipata degedege, kituo kimkimbize hospitali huku wanawapigia wazazi, wasisubiri mtu atoke kazini. Wakikataa kuandika nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, vituo vya kulelea watoto mchana viko chini ya usimamizi wao kwa Sheria ya Mtoto ya 2009.

Kuhusu bosi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa, mama na baba pia, angalau siku 4 za likizo yenye malipo mtoto akiugua. Ni chache jamani, maana ni siku hizo 4 tu kwa kila miezi 36, kwa hiyo gawaneni na mwenzio na mchukue karatasi ya hospitali, mwajiri anaruhusiwa kuidai.

Mimi nina kituo kidogo Morogoro. Wazazi wananiletea dawa kwenye chupa za soda wanasema mpe kijiko saa sita. Nipokee?
Anti wa Morogoro

Usipokee anti, hata mzazi akinuna. Dawa ije kwenye chupa yake yenye jina la dawa na la mtoto, na uwe na daftari, mzazi anaandika kiasi gani, saa ngapi na mara ya mwisho kampa lini, wewe ukishampa unasaini. Kipimo kiwe kile kikombe kidogo au bomba lisilo na sindano, vijiko vya chai vinatofautiana sana. Antibayotiki aliyobakiza kaka yake mwaka jana irudishe hapo hapo mlangoni.

Dada, mwanangu ana mapunye kichwani, wamesema asirudi hadi nywele ziote. Ni sawa?
Baba wa Mwanza

Si sawa, nywele zinaweza kuchukua miezi. Mpeleke hospitali apewe dawa ya kunywa, maana ya kupaka peke yake haifiki kwenye mzizi wa nywele. Dawa ya kunywa huwa ni ya wiki kadhaa, asiikatishe. Akishaanza anarudi darasani, ila kofia, taulo na kitana viwe vyake mwenyewe, na ile mashine ya kunyolea isafishwe kwa dawa kabla haijamgusa mtoto mwingine. Waangalie na wadogo zake vichwani.