Kwa nini 2147483647? Jibu kwa aliyeuliza kuhusu ripoti ya SACCO

Mleta uzi ameuliza mambo mawili: kwa nini ripoti ya SACCO yao inaonyesha jumla ya akiba ikiwa hasi, na kama ni kweli kwamba 2147483647 iliwekwa kuwa kikomo cha namba kwenye kompyuta kwa sababu ni namba tasa (isiyogawanyika ila kwa 1 na yenyewe).

La kwanza nimelishughulikia mwenyewe, maana kazi yangu ni kuhudumia programu za SACCO hapa Arua, Uganda. Shilingi yetu ina sifuri nyingi, kwa hiyo bilioni mbili hufikiwa mapema. Programu nyingi za zamani hutunza namba kwa biti 32 (nafasi za 0 au 1): moja ya alama ya chanya au hasi, 31 za namba yenyewe. Hizo 31 zikijaa zote unapata 2 kwa kipeo cha 31, toa 1, yaani 2147483647. Ongeza shilingi moja, inageuka kuwa hasi 2147483648. Ndiyo maana jumla ya 2,150,000,000 husomeka hasi 2,144,967,296. Msimshuku mhasibu wenu. Akaunti za wanachama, kila moja ikiwa chini ya kikomo, ziko salama. Fundi abadilishe sehemu ya jumla iwe ya biti 64, ripoti itolewe upya.

La pili ndilo ninalolipenda zaidi. Jibu ni hapana: ni tasa kweli, lakini mashine haijali utasa. Angalia vikomo vingine vya aina hiyo: biti 7 hutoa 127, ambayo ni tasa. Biti 15 hutoa 32767, na hiyo ni 7 × 31 × 151. Biti 63 hutoa 9223372036854775807, inayogawanyika kwa 7. Kipeo kisipokuwa tasa, matokeo hayawezi kuwa tasa. Lakini hata kipeo tasa hakitoshi: 2 kwa kipeo cha 11, toa 1, ni 2047, nayo ni 23 × 89.

Sasa, nani alithibitisha kwamba 2147483647 haigawanyiki? Mwanahisabati Leonhard Euler, mwaka 1772, akiwa St. Petersburg na macho yake karibu yamekwisha. Hakujaribu kila namba. Kwanza, kigawo kikipatikana, lazima kimoja kiwe chini ya kipeuo cha pili, ambacho hakifiki 46341. Pili, kigawo chochote tasa cha namba hii lazima kikigawanywa kwa 62 kibakize 1, na kikigawanywa kwa 8 kibakize 1 au 7. (Ona 23 na 89 hapo juu: zote zikigawanywa kwa 22, yaani mara mbili ya 11, hubakiza 1.) Ukiunganisha masharti hayo, kigawo lazima kikigawanywa kwa 248 kibakize 1 au 63. Namba za namna hiyo chini ya 46341 hazifiki 400, na nyingi si tasa, unazitupa. Nadhani huu ni mmoja wa ufupisho mzuri kabisa katika hesabu.

Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kuhusu namba kamilifu (iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vilivyo vidogo kuliko yenyewe) inayozaliwa na hii, 2305843008139952128, kwamba hakuna atakayepata kubwa kuliko hiyo. Mfaransa Édouard Lucas alimpita mwaka 1876, kwa kuthibitisha utasa wa 2 kwa kipeo cha 127, toa 1.

Anayetaka kumfuata Euler aanze na 311: inaingia mara 6905092, baki 35. Tasa inayofuata kwenye orodha ni 1303, kisha 1489. Kalamu na karatasi zinatosha.