Je, Moroko "ilikataa" msaada au "ilikuwa haijakubali"?

SWALI: Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu walifupisha habari za tetemeko la Moroko la 2023, hasa mjadala wa vyombo vya habari vya nje kuhusu serikali ya huko na misaada. Mmoja kaandika "Moroko ilikataa msaada wa Ufaransa". Wa pili, "Moroko ilikuwa haijakubali msaada wa Ufaransa". Wa tatu, "Wamoroko waliukataa msaada wa Ufaransa". Nizisahihishe kama sentensi zenye maana moja? (Mwalimu, Tanga)

JIBU: Hapana, mwalimu. Ukizipa alama sawa utakuwa umempunja mmoja wao.

Tuanze na tukio lenyewe. Usiku wa 8 Septemba 2023 tetemeko la kipimo cha 6.8 lilipiga milima ya Atlas, kusini-magharibi mwa Marrakech, likaua watu karibu 3,000. Siku mbili baadaye Wizara ya Mambo ya Ndani ya Moroko ilitangaza kwamba kwa hatua ile imekubali msaada wa nchi nne: Uhispania, Qatar, Uingereza na Falme za Kiarabu. Ilieleza kuwa vikosi vikija bila mpangilio vinaweza kukwamisha kazi, na kwamba mahitaji yakibadilika nchi nyingine huenda zikaitwa. Ufaransa, iliyokuwa imejitolea kusaidia, haikuwamo katika orodha hiyo. Hapo ndipo mjadala ulipowaka Paris, kwa kuwa uhusiano wa serikali hizo mbili ulikuwa umeshaingia baridi kabla ya tetemeko.

Sasa sarufi. Kitenzi "kataa" kinataja tendo: mtu kaletewa kitu, naye kasema sitaki. "Haijakubali" haitaji tendo lolote. Ni ukanushi wa "imekubali", na kiambishi -ja- kinaeleza hali ilivyo hadi saa ile, mlango ukiwa bado wazi. Ukitaka kuufunga, unasema "haikukubali", ambao ni ukanushi wa "ilikubali". Kwa habari ya 10 au 11 Septemba, "haijakubali" ndiyo iliyolingana na tangazo la wizara. Hata Catherine Colonna, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa, alijitokeza kwenye televisheni kusema kwamba Moroko haikuwa imekataa msaada wowote. Ukiona aliyedhaniwa kukataliwa ndiye anayekana kwamba amekataliwa, mwandishi wa kichwa cha habari alipaswa kurudi kwenye kitenzi chake.

Najua atatokea wa kuniambia kimya nacho ni jibu. Sawa, na Kiswahili kina neno la kazi hiyo: "nyamazia". "Moroko yanyamazia msaada wa Ufaransa" ingekuwa sentensi fupi na kali, yenye lawama ndani yake, wala isingezua tendo ambalo halikutokea. Kwa maoni yangu wahariri wetu wanalitumia kitenzi hiki kwa uchache mno. Wanakimbilia "yakataa" kwa sababu linatosha kwenye safu.

Chunga pia neno "tu". "Imekubali msaada wa nchi nne" ni taarifa. "Imekubali msaada wa nchi nne tu" ni maoni, maana mwandishi ameshaamua kwamba nne ni chache. Maoni hayakatazwi, ila yawe na mwenyewe: "wachambuzi wa Ufaransa walihoji kwa nini ni nchi nne tu". Ni kama "serikali yashutumiwa" inayoachwa ikining'inia. Yashutumiwa na nani? Na wanakijiji wanaochimbua kifusi kwa mikono, au na mchambuzi aliyeketi studio Paris? Bila ile "na", msomaji hawezi kupima uzito wa shutuma.

Sentensi ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote. Imemtwika mwanakijiji aliyelala nje usiku ule uamuzi uliotoka wizarani. "Moroko", "serikali ya Moroko" na "Wamoroko" hazibadilishani nafasi ovyo. Tofauti hiyo ilionekana waziwazi 12 Septemba, Rais Emmanuel Macron alipotoa video akizungumza na Wamoroko moja kwa moja. Wengi nchini humo walichukizwa, wakiona amempita mfalme wao na kuwahutubia raia wake.

Kwa hiyo mwalimu, wa pili mpe alama zote, ila mwombe aongeze tarehe, kwani "ilikuwa haijakubali" bila tarehe haimfai msomaji. Wa kwanza mkate kidogo: huenda alinakili kichwa cha habari alichokisoma. Wa tatu mrudishie daftari aandike upya, safari hii akianza na neno "serikali".